Namna ya Kupima Vitabu vya Kutunga na Kujaribu Programu za Kompyuta

Utangulizi

Mwalimu anayepangwa kufundisha katika kisiwa cha Mafia hutambua mapema kwamba kila kitabu kinachofika shuleni kwake kimevuka bahari. Kimetoka Dar es Salaam, kikapitia Nyamisati katika wilaya ya Kibiti, kikapakiwa chomboni hadi Kilindoni, na pengine kikashushwa tena katika mashua ndogo ili kifike Chole, Juani au Jibondo. Kitabu kilichofika kwa taabu namna hiyo hupokewa kwa heshima, na ni vigumu kukikataa. Hata hivyo, makala haya yanakusudia kumweleza mwanachuo kwamba baadhi ya vitabu yafaa vikataliwe, na vingine yafaa vipokewe kwa tahadhari, hasa vile vinavyohusu kutunga programu za kompyuta na kuzijaribu.

Nina sababu yangu ya kuandika juu ya jambo hili. Miaka kadhaa iliyopita niliongoza kikundi cha wanafunzi wa shule ya msingi waliojifunza kompyuta baada ya vipindi vya kawaida. Tulikuwa na kompyuta mbili na kitabu kimoja kilicholetwa kama msaada. Kitabu kilikuwa kinene, karatasi zake nzuri, na lugha ya programu iliyofundishwa humo, Python, ndiyo iliyokuwamo katika mashine zetu. Mwanafunzi mmoja wa darasa la sita alinakili mfano wa kwanza, yaani amri ya kuandika salamu kwenye kioo. Mashine ikaikataa. Nikamwambia amekosea kunakili, arudie. Akarudia mara tatu, na kila mara nikamwambia atazame vizuri zaidi. Mara ya nne hakurudia. Alimpisha mwenzake, akaenda kuketi nyuma, na juma lililofuata hakuja.

Usiku ule nilikaa na kitabu na mashine, nikavilinganisha. Mtoto hakuwa amekosea hata herufi moja. Kitabu kilikuwa kimeandikwa kwa ajili ya toleo la pili la lugha ile, ambalo liliruhusu amri ya kuandika itumike bila mabano. Mashine zetu zilikuwa na toleo la tatu, ambalo hudai mabano. Toleo hilo la tatu lilitoka mwezi Desemba 2008, na toleo la pili liliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Kosa lilikuwa la kitabu. Na kwa haki zaidi lilikuwa langu mimi niliyekiingiza darasani bila kukipima.

Maana ya kutunga na kujaribu

Kabla ya kupima kitabu, hapana budi tuelewe kile ambacho kitabu hicho kinadai kufundisha.

Programu ni mfuatano wa maagizo ambayo kompyuta huyatekeleza moja baada ya jingine, kama yalivyoandikwa na si kama mtunzi alivyokusudia. Kutunga programu ni kuyafikiri maagizo hayo, kuyapanga na kuyaandika. Kujaribu programu ni kuitekeleza kwa makusudi ya kuona mahali inaposhindwa. Kosa linalogunduliwa kwa njia hiyo huitwa hitilafu.

Wanafunzi wa Mafia hawahitaji kueleweshwa sana juu ya tofauti ya kutunga na kujaribu, kwa sababu wamewaona mafundi wa vyombo. Fundi akimaliza kuunganisha mbao, chombo hakipelekwi siku hiyo hiyo kilindini kikiwa na abiria. Hushuliwa kwanza penye maji ya kina kifupi, watu wakatazama maji yanapoingilia, na penye nafasi hutiwa kalafati upya. Hakuna anayemcheka fundi kwa kuona maji yakiingia siku ya kwanza. Anayestahili lawama ni yule anayepakia watu bila kutazama.

Jambo moja zaidi halina budi kukumbukwa. Mtaalamu wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, alieleza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwamba majaribio yaweza kuonyesha kuwa hitilafu zipo, lakini hayawezi kuthibitisha kuwa hazipo. Maana yake ni kwamba mwalimu asiwaambie wanafunzi, "Tumeijaribu, haina kosa." Aseme, "Tumeijaribu kwa namna hizi, na hatujaona kosa." Kitabu kinachotumia kauli ya kwanza kwa wepesi kimeanza vibaya.

Kwa nini jambo hili si dogo

Nchi yetu iliwahi kupata somo lake. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya mpango wa kuweka hesabu za serikali kwa kompyuta kushindwa, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake mwaka 1974, na marufuku hiyo ilikuja kulegezwa baadaye. Matokeo ya mashine kuaminiwa kabla ya kuthibitishwa kuwa inafanya kazi iliyokusudiwa yaweza basi kuwa makubwa, na hofu inayofuata huweza kudumu kwa miaka.

Mfano wa pili watoka Ulaya. Tarehe 4 Juni 1996 roketi iitwayo Ariane 5 iliharibika angani muda usiofikia dakika moja baada ya kuruka. Sehemu ya programu yake ilikuwa imechukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi bila matatizo. Roketi mpya ilikwenda kwa kasi kubwa zaidi, namba moja ikazidi nafasi iliyotengewa, na programu ikashindwa. Programu ile haikubadilika hata kidogo; kilichobadilika ni chombo ilimowekwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa kitabu changu. Kilikuwa sahihi kwa mashine za zamani, na kikawa kibaya siku kilipowekwa mbele ya mashine mpya.

Mfano wa pembetatu

Katika vitabu vyote vya kujaribu programu, kilichopata sifa ndefu zaidi ni The Art of Software Testing cha Glenford Myers, kilichotoka mwaka 1979. Myers anaanza kwa kumpa msomaji zoezi. Programu inapokea namba tatu ambazo ni urefu wa pande za pembetatu. Kisha inaeleza kama pande zote tatu ni sawa, au mbili tu ni sawa, au hakuna zilizo sawa. Msomaji anatakiwa aandike namba zote ambazo angezitumia kuijaribu programu hiyo, halafu ajisahihishe kwa orodha ya maswali 14. Mwandishi anaeleza kwamba watunzi wa programu wenye uzoefu mkubwa walipata wastani wa 7.8 tu kati ya 14.

Zoezi hili lafaa kufanywa darasani hata pasipo kompyuta. Wape wanafunzi njukuti za mnazi, wazikate kwa urefu mbalimbali, kisha waulize ni vipande vipi vitatu vinavyofaa kuijaribu programu. Wengi watataja 3, 4 na 5, halafu 5, 5 na 5, halafu 5, 5 na 3, kisha watanyamaza. Hapo ndipo somo linapoanza. Waongoze wafikie mambo yafuatayo:

(a) Je, pande mbili zilizo sawa zikitajwa kwa mpangilio mwingine, yaani 5, 3 na 5, au 3, 5 na 5, jibu litabaki lile lile?

(b) Namba 2, 3 na 5 zinatoa pembetatu? Mwanafunzi akilaza njukuti ataona kwamba mbili fupi zinalala juu ya ile ndefu, na hapana pembe inayopatikana.

(c) Namba 2, 3 na 9 je? Vipande viwili havifikiani. Programu ikijibu kwamba hii ni pembetatu isiyo na pande zilizo sawa, imesema uongo kwa sauti ya ukweli.

(d) Itakuwaje mtu akiandika sifuri, au namba iliyo chini ya sifuri?

(e) Itakuwaje akiandika namba mbili badala ya tatu, au akiandika herufi?

(f) Je, kwa kila jaribio, jibu linalotazamiwa liliandikwa kabla ya programu kutekelezwa?

Swali hili la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Mtu asiyeandika jibu mapema huona jibu la mashine, akalikubali kwa sababu linafanana na ukweli. Mwalimu wa hesabu analijua jambo hili, kwani mwanafunzi aliyekisia jibu kabla ya kukokotoa hugundua kosa lake upesi kuliko asiyekisia.

Vipimo sita vya kitabu

Yafuatayo ni mambo sita ambayo mwalimu ayachunguze katika kitabu chochote cha namna hii kabla ya kukipeleka darasani.

1. Umri na toleo. Fungua ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu. Soma mwaka wa kuchapishwa, kisha tafuta toleo la lugha ya programu linaloelezwa, ulilinganishe na lile lililomo katika mashine yako. Baadhi ya tofauti huonekana mara moja, kama ile ya mabano. Nyingine hujificha. Katika toleo la pili la Python, 7 ikigawanywa kwa 2 hutoa 3. Katika toleo la tatu hutoa 3.5. Hapo mashine haikatai. Inajibu kimya, na mwanafunzi anayelinganisha na kitabu anadhani ama yeye ama mashine imepotoka. Hata hivyo, uzee si aibu kwa kila kitabu. Kinachofundisha vitufe na amri huchakaa upesi. Kinachofundisha namna ya kufikiri huweza kuishi miaka hamsini.

2. Ukweli wa mifano. Chagua mifano mitatu, mmoja wa mwanzo, mmoja wa kati na mmoja wa mwisho. Iandike kama ilivyo na uitekeleze. Usichague ya mwanzo peke yake, kwa maana mwandishi na mhariri huwa na nguvu nyingi katika kurasa za kwanza. Kama huna umeme siku hiyo, ifuate kwa kalamu na karatasi, mstari kwa mstari, ukiandika thamani ya kila kitu inavyobadilika.

3. Mahali pa makosa. Je, kitabu kinaonyesha programu ikishindwa? Je, kinaeleza ujumbe ambao mashine hutoa, na namna ya kuusoma? Kitabu ambacho kila mfano wake unafaulu mara ya kwanza kinamdanganya mwanafunzi juu ya kazi yenyewe. Mtoto anayesoma kitabu hicho, mara programu yake inapokataa, huamini kwamba yeye peke yake ndiye asiyeweza.

4. Majibu yanayotazamiwa. Je, mazoezi yanamtaka mwanafunzi aseme kitakachotokea kabla ya kutekeleza? Je, kuna maswali ya kumtaka atafute mfano utakaoishinda programu? Zoezi la kunakili tu hufundisha vidole. Zoezi la kubashiri hufundisha akili.

5. Lugha. Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa kwa Kiingereza, ilhali katika shule zetu za msingi za serikali masomo hufundishwa kwa Kiswahili. Hilo halifanyi kitabu kiwe kibaya kwa mwalimu, bali laonyesha kwamba hakiwezi kuwa kitabu cha mwanafunzi. Kazi ya kuipa fani hii maneno ya Kiswahili imekwisha kuanza. Mathalani mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 programu za ofisi za Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice. Mwalimu achague maneno yake na asiyabadilishe katikati ya muhula. Akianza na kompyuta, asihamie kwenye tarakilishi wiki ya tatu na ngamizi wiki ya tano, kwa kuwa wapo watakaodhani ni mashine tatu.

6. Mazingira. Je, kitabu kinadai vifaa ambavyo shule haina? Kinadai intaneti kila siku? Mifano yake inategemea mambo ambayo mwanafunzi hajapata kuyaona? Kasoro ya mwisho yaweza kurekebishwa na mwalimu, lakini lazima ajue gharama yake mapema.

Mfano wa kurekebisha mazingira

Kitabu kimoja nilichokipima kilikuwa na programu ya kujumlisha muda wa safari za treni. Mafia haina treni. Ilikuwa rahisi kubadili somo likawa la maji kujaa na kupwa, kwa kuwa wanafunzi wanajua kwamba maji ya leo hujaa baadaye kuliko ya jana, kwa wastani wa dakika 50 hivi. Programu ikaandikwa: pokea saa ya leo ya maji kujaa, ongeza dakika 50, andika saa ya kesho.

Tuliijaribu kwa saa 10:20, ikajibu 11:10, kila mtu akaridhika. Kisha mwanafunzi mmoja akataka ijaribiwe kwa maji ya usiku. Tukaandika 23:40. Ikajibu 24:30, saa ambayo haipo. Tukairekebisha ili ikifika 24:00 ianze upya. Mwanafunzi mwingine akaandika 5:40 akikusudia saa tano na dakika arobaini za usiku, kama tunavyosema sote. Mashine ikadhani ni alfajiri. Hakuna aliyekosea, saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na ya mashine huanza katikati ya usiku. Kitabu hakikutaja jambo hili kwa sababu mwandishi wake hakuwa na haja nalo.

Ndipo mtoto wa mvuvi akasema kwamba programu yenyewe si kweli, kwa kuwa maji hayachelewi sawasawa kila siku. Alisema haki. Uchelewaji hupungua wakati wa bamvua na huzidi wakati wa maji mafu. Programu ilikuwa imetimiza agizo tulilolitoa, lakini agizo lenyewe halikulingana na bahari. Hili ni fundisho ambalo vitabu vizuri vya kujaribu programu hulirudia mara nyingi: haitoshi kuuliza kama programu imefuata maagizo; yapasa pia kuuliza kama maagizo yalikuwa sahihi. Katika kipindi hicho kimoja somo hilo lilifundishwa na watoto, nami nikaandika ubaoni.

Baadhi ya vitabu vinavyojulikana

Mwanachuo atanufaika akijua vitabu vichache vya fani hii na nafasi ya kila kimoja.

Kitabu cha Myers kilichotajwa hapo juu ni cha mwalimu. Sehemu zinazotaja mashine za wakati wake zimepitwa, lakini sura ya pembetatu haijachakaa. Aidha, sura inayohusu kukagua programu kwa kuisoma kwa pamoja, bila mashine, yafaa sana katika shule isiyo na umeme wa uhakika.

The Elements of Programming Style cha Brian Kernighan na P. J. Plauger, kilichotoka mwaka 1974, kina jambo la pekee. Waandishi walichukua programu zilizochapishwa katika vitabu vya kufundishia, wakaonyesha kasoro zake, kisha wakaziandika upya. Lugha za programu zinazotumika humo, Fortran na PL/I, hazimfai mwanafunzi wetu. Kinachomfaa mwalimu ni ule ushahidi kwamba maandishi yaliyochapishwa yaweza kuwa na makosa, na kwamba msomaji ana haki ya kuyachunguza.

Mindstorms cha Seymour Papert, mwalimu aliyezaliwa Afrika Kusini, kilitoka mwaka 1980. Hakikuandikwa kufundisha kujaribu programu, lakini kwa mwalimu wa shule ya msingi ndicho ninachokitanguliza. Papert anaeleza watoto wanaoamuru kobe wa mashine atembee na kugeuka hadi achore umbo. Watoto wa Juani wamzoea kasa zaidi, basi na awe kasa. Mweke mwanafunzi mmoja mchangani awe kasa, na mwingine ampe maagizo ya kuchora pembetatu yenye pande sawa. Wengi watamwamuru ageuke nyuzi 60, kwa kuwa wamefundishwa kwamba kila pembe ya pembetatu hiyo ni nyuzi 60. Kasa hatarudi alipoanzia. Wakitafuta sababu wataona kwamba anayetembea hugeuka pembe ya nje, yaani nyuzi 120. Kosa hilo lina thamani kuliko jibu sahihi lililonakiliwa, na Papert anashikilia kwamba swali la kumuuliza mtoto ni namna gani kosa litarekebishwa.

Lessons Learned in Software Testing cha Cem Kaner, James Bach na Bret Pettichord, cha mwanzoni mwa miaka ya 2000, kina mafunzo mafupi 293. Ni cha wanaofanya kazi hiyo kwa mshahara, na mengi yamo ya ofisi za huko. Lakini msimamo wake, kwamba utaratibu ulio mzuri mahali pamoja waweza usifae mahali pengine, ni mwema kwa mwalimu wa kisiwani. Naye Kent Beck, katika kitabu chake cha wakati huo huo juu ya kutanguliza majaribio, anafundisha kuandika jaribio kabla ya programu yenyewe. Mwalimu anayeandaa maswali ya mtihani pamoja na maandalio ya somo ataielewa njia hiyo mara moja.

Juu ya ithibati

Mwanachuo anaweza kuuliza: je, kazi hii si ya wakubwa? Ni kweli kwamba vitabu vya shule huchunguzwa kabla ya kuidhinishwa. Hadi mwaka 2013 kazi hiyo ilifanywa na kamati iliyojulikana kwa jina la EMAC. Mwaka huo makosa katika vitabu vya shule yalijadiliwa Bungeni, kamati ikavunjwa, na jukumu likapewa Taasisi ya Elimu Tanzania. Mwalimu anapaswa kuheshimu ithibati, na asitumie kitabu kisichoidhinishwa kama kitabu cha kiada.

Lakini historia hiyo hiyo yaonyesha kwamba kamati nayo huweza kupitwa na kosa. Zaidi ya hayo, vitabu vya programu vinavyofika kama msaada, au vinavyoachwa na wageni, mara nyingi havikupita mezani kwa kamati yoyote. Kwa vitabu hivyo mwalimu ndiye mlango wa mwisho. Baada yake yupo mtoto tu.

Utaratibu wa alasiri moja

Walimu wawili au watatu wanaweza kupima kitabu kwa alasiri moja kwa utaratibu ufuatao. Kwanza, mmoja asome dibaji na yaliyomo, aandike kwa sentensi mbili kitabu kinadai kumfundisha nani, na nini. Pili, mwingine atekeleze ile mifano mitatu. Tatu, wote kwa pamoja wajibu vipimo sita kwa maandishi, kila jibu likitaja ukurasa. Maneno kama "kizuri" au "kigumu" pasipo ukurasa yasikubaliwe.

Nne, na hili lisiachwe, mpe mwanafunzi mmoja ukurasa mmoja, kisha kaa kando yake bila kusema neno kwa dakika kumi. Andika kila mahali anaposita. Usimsaidie, na umweleze tangu mwanzo kwamba kinachopimwa ni kitabu, si yeye. Mwalimu mgeni katika kazi ataona dakika hizo kumi ni ndefu kuliko kipindi kizima, lakini atajifunza ndani yake yale ambayo hakuyaona katika saa mbili za kusoma.

Mwishowe, bandika ndani ya jalada karatasi yenye matokeo: toleo linalofaa, mifano iliyofanya kazi, mifano iliyokataa na marekebisho yake. Mwalimu atakayekufuata asianze upya.

Kitabu kilichoshindwa kisitupwe. Kinaweza kubaki mikononi mwa mwalimu, au kikafanywa zoezi la wanafunzi wakubwa: watafute makosa yake na kuyasahihisha. Kinachokatazwa ni kukiweka mbele ya anayeanza, kana kwamba kila kilichochapishwa ni kweli.

Hitimisho

Nilimfuata yule mwanafunzi nyumbani kwao, nikamweleza mbele ya mama yake kwamba alinakili sawasawa na kwamba mimi ndiye niliyekosea. Alirudi. Muhula uliofuata tulipopata kitabu kingine, yeye ndiye aliyepewa ule ukurasa wa dakika kumi, na maoni yake mawili kati ya matatu yakaandikwa ndani ya jalada.

Si kila mtoto atafuatwa nyumbani, wala si kila mwalimu atakumbuka kukilinganisha kitabu na mashine usiku. Ni heri zaidi kazi hiyo ifanywe kabla. Fundi hungojea maji mafupi kwa sababu anajua kwamba chombo kikivuja kilindini, wa kwanza kulowa ni abiria.

Mazoezi kwa wanachuo

1. Chagua kitabu kimoja cha kompyuta katika maktaba ya chuo. Kipime kwa vipimo sita, ukitaja ukurasa kwa kila jibu.

2. Programu inapokea alama za mwanafunzi kutoka 0 hadi 100 na kutoa daraja. Andika majaribio yasiyopungua kumi, pamoja na jibu linalotazamiwa kwa kila jaribio.

3. Andaa somo la dakika 40 la kufundisha kujaribu programu kwa kutumia njukuti au mchanga, pasipo kompyuta.

4. Jadilini: kitabu chenye makosa machache yanayojulikana, na kitabu ambacho hakijapimwa, kipi ni salama zaidi darasani? Toeni sababu.